Sifa za Nondo wa Ufipa

Sisi wa Rukwa tumezoea kuhudumiwa mwisho. Lami ya kutoka Tunduma ilitufikia miaka ya 2010, wakati wenzetu wa mikoa mingine wameshaanza kulalamikia mashimo ya lami yao. Gridi ya Taifa tuliisikia redioni kwa miaka mingi huku taa zetu zikiwaka kwa umeme wa Zambia. Hata fasheni ya nguo, mpaka ipande mlima na kufika Sumbawanga, Dar es Salaam wameshaitupa. Yupo mmoja tu aliyewahi kututanguliza. Nondo wa viwavijeshi vamizi alipoingia Tanzania mwaka 2017, hakuanzia Kariakoo wala hakupiga hodi Dodoma. Taarifa za kwanza za kuonekana kwake nchini zilitoka Nkasi, mkoani kwetu hapa hapa. Hakuna mwekezaji aliyewahi kutupa heshima ya namna hiyo, na kwa kuwa hakuna kiongozi aliyejitokeza kumshukuru, kazi hiyo nimeibeba mimi.

Tuanze na safari zake. Asili yake ni bara la Amerika. Barani Afrika alithibitishwa mwaka 2016, Nigeria na nchi za jirani, na mwaka uliofuata keshafika kwetu Ufipa. Akipata upepo mzuri, kwa usiku mmoja aweza kwenda kilomita 100, kwa hiyo Sumbawanga hadi Namanyere kule Nkasi kwake ni suala la kuondoka jioni na kufika kabla hapajakucha. Mfanyabiashara wa mahindi anayekwenda njia hiyo hiyo atasimamishwa kwenye geti la ushuru wa mazao, atapimwa mizani, na akithubutu kusogea Kasesya mpakani ataulizwa kibali, risiti na cheti cha afya ya mimea. Nondo anapita juu yao wote. Hana mzigo wa kupimwa, na bado anaondoka na sehemu yake ya mavuno.

Kisha uzazi. Jike mmoja hutaga mayai 1,500 na zaidi katika maisha yake mafupi, tena kwa mafungu, na kila fungu hulifunika kwa vinyoya alivyovitoa mwilini mwake mwenyewe. Nitajieni mama mwingine anayejinyonyoa ili watoto walale vizuri. Watoto wenyewe hawana shukrani: wakikutana wawili ndani ya moyo wa mhindi mmoja, mkubwa humla mdogo. Msinung'unike sana hapo. Nimewahi kukaa kwenye vikao vya kugawana mashamba ya marehemu, na tofauti niliyoiona ni kwamba viwavi hawaiti kikao kwanza.

Wanaomshitaki husema amekula mahindi. Shitaka hilo lina kasoro ambayo wakili mwanafunzi angeiona. Nondo mzima hana meno. Ana mrija aliouviringisha chini ya kichwa, anaunyoosha anapotaka kunyonya maji matamu ya maua, basi. Jani la mhindi hajalitafuna tangu apate mabawa. Aliyetoboa majani ni kiwavi, na kiwavi huishi hali hiyo kwa wiki mbili hadi tatu tu kabla ya kujichimbia ardhini. Kwa hiyo mnamtaka hakimu amhukumu mtoto wa wiki mbili, au amfunge mzazi kwa kosa la mwanawe ambaye hakuwahi hata kumwona. Wakulima wanaojaza majivu au mchanga mkavu ndani ya moyo wa mhindi wanajitahidi, siwalaumu. Ninachosema ni kwamba haki itendeke.

Anayetaka kumsifu nondo itabidi akeshe naye. Bustanini kwangu nimefunga kamba ya nguo kati ya mparachichi na ukuta wa choo, nikaning'iniza shuka jeupe la kitandani, na mbele yake taa. Chini ya shuka napanga trei za mayai zilizokwisha kazi, kwa sababu nondo akichoka hupenda kujibanza kwenye vishimo vyake, na asubuhi unamkuta humo humo ametulia. Umeme ukikatika, na hukatika, nafanya kazi kwa sola. Usiku mzuri ni wa giza, mwezi haujatoka, joto limebaki hewani na mvua ya kwanza imeshagusa udongo. Juni na Julai, baridi ya Ufipa inapomfanya hata mbwa alale jikoni, utakesha na shuka lako peke yako. Wapo pia nondo wasiojali taa. Hao huitwa kwa njia nyingine: ndizi zilizoiva kupita kiasi zinapondwa, zinachanganywa na pombe ya ulezi, rojo linapakwa kwa brashi kwenye shina la mti jua linapozama. Ukirudi saa tatu na tochi unawakuta wamejipanga, mirija imezama, macho yanang'aa. Sijaona ugomvi wala deni katika kilabu hicho.

Kazi hii ina ugumu wake katika mji ambao wageni huutania kwa uchawi hata kabla hawajapanda basi. Usiku mmoja balozi wetu wa nyumba kumi alipita, akaona mwanga, akaingia.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Mwalimu, saa hizi unamngoja nani?”

“Wageni wa usiku, mzee. Nawaita kwa taa.”

“Na wakija?”

“Nawaandika majina.”

Alilitazama shuka, akalitazama daftari.

“Halafu?”

“Asubuhi nawaachia, wanarudi makwao.”

Aliondoka bila kuaga, na yeye ni mtu wa adabu sana. Naapa sikumdanganya hata neno moja.

Daftari lenyewe ni la mistari, la shule ya msingi. Naandika tarehe, saa, hali ya mwezi, mvua ilinyesha au la, baridi ilikuwaje, kisha waliofika. Hapo ndipo ukubwa wa ukoo huu unapojionyesha. Duniani inakadiriwa kuna aina zipatazo 160,000 za nondo, wakati vipepeo wa mchana ni kama 18,000 tu. Lakini nani yuko kwenye kalenda? Nani kachorwa kwenye kanga na madaftari ya watoto? Kipepeo, kwa sababu anafanya kazi saa za ofisi. Nondo anayeingia zamu ya usiku ameachiwa sifa ya kutoboa masweta, kosa la aina chache mno katika ukoo mzima, na hata hizo, wanaotoboa ni viwavi wake.

Nimtazame mmoja kwa karibu, dume la yule mtukufu wa Nkasi. Akitua hazidi sana sentimita mbili. Kwa mbali ni kijivu na kahawia, rangi ya vumbi la barabara ya Laela. Msogelee na tochi: kwenye ncha ya kila bawa la mbele ana weupe, mpako mdogo wa pembe tatu, na katikati ya bawa kuna doa la rangi ya majani makavu lililolala mshazari. Mabawa ya nyuma, akiyafunua, ni meupe ya lulu yenye ukingo mwembamba mweusi. Jike hana urembo huo. Amevaa kijivu tupu. Kando yake siku nyingine hutua nondo mkubwa wa viazi vitamu, mwenye pete za waridi na nyeusi tumboni, mrija mrefu kuliko mwili wake. Huyo haruki hivi hivi. Kwanza hutetemesha mabawa papo hapo alipo, anapasha misuli moto kama dereva wa fuso asubuhi ya Julai pale stendi, na ikishakolea, unasikia mvumo tu, shuka linabaki tupu.

Na hili la taa, washairi wamemwonea kwa karne nyingi. Wamemfanya mpenzi mjinga anayejichoma kwa mahaba. Mwaka 2024 watafiti walichapisha katika jarida la Nature Communications kazi waliyoifanya kwa kamera za kasi kubwa, wakionyesha kwamba mdudu arukaye usiku huugeuzia mwanga mgongo wake. Tangu enzi, penye mwanga usiku ni juu, mbinguni, hivyo kuelekeza mgongo huko kulimsaidia kuruka sawasawa. Sisi tumemwashia balbu ubavuni, juu pamekuwa pembeni, naye anazunguka na kuzunguka akitafuta mbingu ilikokwenda. Hakuna mahaba pale, washairi watafute mfano mwingine.

Mahaba yapo kwingine. Ukitaka madume peke yao, taa huihitaji. Unatundika ndoo ya plastiki yenye mfuniko na funeli, ndani umeweka kidonge kilichotiwa harufu ya jike. Harufu ya aina hii ilichambuliwa mara ya kwanza mwaka 1959 na Adolf Butenandt, Mjerumani, aliyelazimika kutumia majike nusu milioni ya nondo wa hariri ili apate tone la kupima. Dume hunusa chembe chache tu hewani, anaacha shughuli zake, anapanda upepo gizani, anafika amechoka na amejaa matumaini, anakuta kipande cha mpira. Kuhusu madume wengine nitaandika siku nyingine. Leo nabaki kwa nondo.

Mitego hiyo ndiyo imemfanya nondo kuwa mtumishi bora wa umma. Ndugu yake mwenyeji, nondo wa viwavijeshi wa Afrika, amekuwa akihesabiwa na Wizara ya Kilimo kwa miaka mingi, taarifa za mitego kutoka pembe mbalimbali za nchi zikipelekwa Tengeru, Arusha. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, huko Kilosa, wakulima walikabidhiwa mtego na kipima mvua chao wenyewe. Kila asubuhi mtu mmoja kijijini anafungua ndoo, anahesabu, anasoma mvua, anaandika. Nondo hawa husafiri na upepo, na dhoruba huwashusha kwa pamoja mahali mvua iliponyesha, ambapo siku chache baadaye nyasi changa zitakuwa tayari kwa watoto wao. Kwa hiyo idadi ikipanda ghafla na mvua ipo, kijiji kinatangaziwa kwamba viwavi wako njiani. Nondo, basi, alitoa taarifa kabla ya tukio. Taarifa za namna hiyo ni nadra. Nyingi tunazoandikiwa huku hufika baada ya mavuno.

Lakini heshima yake haijalingana na kazi. Nzige wekundu wa Bonde la Rukwa, hawa waliozaliana hapa chini ya mteremko wa Ufipa, walitengewa shirika zima la kimataifa mwaka 1949, makao yake Abercorn, ambayo leo ni Mbala, ng'ambo tu ya mpaka. Walipelekewa wataalamu na ndege. Nondo amepewa kandambili.

Na wanaomponda kwa kandambili ndio hao hao wanaokula chikanda. Hapa nasimama kidogo, kwa sababu jambo hili halijulikani inavyostahili. Viazi vinavyochimbwa kwenye nyasi za nyanda zetu, vinavyosagwa na kupikwa na karanga hadi vigande na kukatwa vipande, ni vya maua ya okidi. Magunia kwa magunia huvushwa Zambia. Baadhi ya mimea hiyo, hasa ile ya kundi la Habenaria, ina maua meupe au ya kijani kibichi, yasiyovutia mchana, yanayoanza kunukia jioni. Asali yake imefichwa chini kabisa ya mkia mwembamba wa ua, mahali nyuki hafiki. Mrija wa nondo unafika. Anapoinama kunywa, vifurushi vya chavua vinamganda usoni, anavibeba hadi ua linalofuata. Mchimbaji akiondoa kiazi, mmea umekwisha; mwingine utatokana na mbegu, na mbegu hiyo ni kazi ya mdudu aliyepigwa na ufagio jana sebuleni. Watu wa Bonde la Rukwa nao wenye mipapai wajue kwamba huko Bonde la Kerio, Kenya, watafiti waliokaa usiku kwenye mipapai walikuta wachavushaji wakuu ni nondo wakubwa wenye mirija mirefu. Mpapai jike bila mgeni huyo ni kivuli tu.

Siwezi kumaliza bila kantangaze. Huyu ni nondo mdogo kuliko punje ya mpunga, kwao Amerika Kusini, aliyefika Tanzania mwaka 2014 na kuingia kwenye nyanya zetu kwa bidii ambayo haijawahi kuonekana katika mradi wowote wa maendeleo. Kiwavi wake anaishi ndani ya jani lenyewe, kati ya ngozi ya juu na ya chini, kwa hiyo dawa inapita juu yake naye anaendelea kula. Faida zake ni nyingi mno. Muuza pembejeo anasomesha watoto. Fundi wa solo za kupulizia hakosi kazi. Mkulima anajifunza majina ya sumu ambayo mwanakemia angejikwaa kuyatamka, anachanganya mbili kwenye kifuniko kimoja, anapulizia, anarudi wiki ijayo kununua nyingine. Mimi mwenyewe nyanya nane kati ya kumi bustanini kwangu ni zake, na bado humwandika daftarini kwa mwandiko mzuri.

Sasa hivi pana watu wanaofadhiliwa kumzungumzia nondo. Niliwahi kualikwa kwenye semina moja ya visumbufu vya mazao. Ukumbi ulikuwa mzuri, chai ilikuwa na maandazi na mayai ya kuchemsha, tukasaini mahudhurio asubuhi na tena baada ya chakula. Mtaalamu akatuonyesha picha za nondo ukutani, nyingine zimepinduliwa kichwa chini, mapazia yamefungwa ili zionekane. Swali lililojadiliwa kwa muda mrefu kuliko yote lilihusu nauli za wanaotoka nje ya manispaa. Saa kumi tukapiga picha ya pamoja mbele ya bango, tukapokea bahasha, tukatawanyika. Nondo wenyewe huanza kazi saa mbili usiku.