Inaingia, Mzee

Kulipamba gari hapa Tabora ni kazi ya asubuhi moja. Usukani utavishwa manyoya, kioo cha nyuma kitaandikwa Zaburi mpaka dereva asimwone anayemfuata, na spika zitafungwa za kuwafanya wazee wa Gongoni wadhani Wabelgiji wamerudi. Vyote vipo, vimetundikwa mlangoni mwa duka, na kijana wa kuvifunga anakuja na kigoda chake. Sasa ingia dukani humohumo uulizie spana ya nati za paipu ya breki.

"Namba ngapi, mzee?"

"Kumi. Ile ringi iliyokatwa mdomo."

Kijana anazama chini ya kaunta, vyuma vinalia huko, anaibuka na spana ya mdomo wazi namba 11, inang'aa. "Hii hapa, mzee. Inaingia."

Mimi na neno hilo tuna ugomvi wa siku nyingi. Bila shaka inaingia. Hata mimi suruali ya shemeji yangu naingia, shida ni kuvuka nayo barabara. Ninachouliza ni kama inashika, na hilo halijibiwi, maana kijana amekwisha kumgeukia mteja mwingine anayetaka manyoya ya usukani rangi ya chui.

Kwa msomaji ambaye gari analijua kwa kulipungia mkono tu, nieleze. Ukikanyaga breki, mguu wako haugusi tairi. Unasukuma mafuta yaliyofungiwa ndani ya paipu nyembamba za chuma, unene wake milimita 4.75 kwenye magari mengi, zinazotambaa chini ya gari kwenda kwenye magurudumu. Mafuta hayakubali kubanwa yakapungua, ndiyo maana nguvu ya mguu inafika. Kila paipu inapoungana na kitu kingine pana nati ndogo, laini, iliyotobolewa katikati paipu ipite. Nati hiyo imekaa huko chini miaka yote ikirushiwa tope la Sikonge na vumbi la Urambo, mpaka imegandamana na paipu yake kwa kutu: ukigeuza nati, paipu nayo inajisokota.

Spana ya mdomo wazi inaishika nati pande mbili tu kati ya sita. Ikiwa kubwa kidogo, hata pande hizo haizishiki, inashika kona, na ukivuta kona zinalika. Spana ringi ingeshika pande zote, lakini utaivishaje wakati paipu imepita katikati na huko iendako haina ncha ya wazi? Ndipo wenye akili wakaichukua ringi wakaikata pengo la kutosha paipu. Unapitisha paipu kwenye pengo, unaitelezesha spana hadi kwenye nati, unaikumbatia karibu pande tano. Pengo ndiyo spana yenyewe.

Fundi wangu ni kijana mwema. Gereji yake iko chini ya mwembe, bei zake za kuhurumiana, shikamoo anaitoa hata kwa watu aliowazidi umri. Paipu ya nyuma ilipoanza kuvuja alitabasamu, akaleta spana 11. Ikaingia. Ikateleza. Akachomeka kipande cha bomba kwenye mpini apate nguvu. Nikamwambia, mwanangu, nati hizi hukazwa kwa nyutoni mita 15 hivi. Kwa spana ya sentimita 15 ni kuvuta kama kilo kumi tu, bomba la nini? Akanijibu kwa adabu kwamba mahesabu tuwaachie VETA. Spana ikaruka, vidole vikachubuka.

Ikaja spana ya kuongeza na kupunguza, ile ambayo mafundi wameipa jina ambalo mhariri amekataa kulichapa, kwa kuwa haichagui nati. Nayo ikateleza. Ikaja vaisgripu. Hiyo haikuteleza, iliiminya nati mpaka ikaibana paipu ndani yake, sasa hata Mungu angeomba msaidizi. Zikaja patasi na nyundo. Paipu ikakatika, mafuta ya breki yakamwagikia rangi ya rimu na kuanza kuibabua, fundi akatambaa kutoka chini ya gari, akajifuta mikono, akatoa ripoti:

"Mzee, paipu yako ilikuwa mbovu."

Ilikuwa mbovu! Nati ya bei ya maandazi ikazaa paipu mpya, paipu ikazaa hozi mpya kwa sababu ya zamani ilisokotwa, halafu ukafuata ule mchezo wa kutoa upepo. Fundi chini, mtoto wa jirani kwenye kiti cha dereva. "Kanyaga! Kanyaga! Shikilia!" Na mtoto anaachia kila kengele ya muuza barafu inapolia, upepo unarudi ndani, tunaanza upya.

Kinachoniuma ni kwamba mji huu ulikuzwa na watu waliojua namba. Mwaka 1871, kabla hajatoka Unguja kumtafuta Livingstone, Stanley ilibidi afundishwe kwanza habari za shanga, maana ndizo zilizokuwa fedha ya njiani. Unyamwezi walitaka nyekundu, samisami. Nyeusi, bubu, zilipokelewa Ugogo, kwingine zilikuwa takataka. Sungomazi zilikuwa na thamani Ujiji. Ungefika hapa na magunia ya bubu ukamwambia mama wa Kinyamwezi mwenye mtama wake "inaingia, mama", ungelala na njaa huku umekalia mali. Waya wa shaba nao Stanley aliununua kwa namba, 5 na 6, unene karibu na ule wa waya wa simu ya kale. Naambiwa mimi mzee msumbufu kwa kuulizia namba, wakati Mzungu na mapesa yake ya gazeti hakuthubutu kuja Tabora bila kuijua!

Na mizigo yenyewe ilibebwa begani. Frasila mbili kwa mtu, kilo 32 hivi, na wakati mwingine zaidi. Burton na Speke walioondoka pwani Juni 1857 walifika Kazeh, yaani hapahapa petu, Novemba. Hakuna mpagazi ambaye angetembea miezi yote hiyo kisha atue mzigo aseme, samahani, nimeleta kinachokaribia. Majembe ya chuma yalikuwa yakitolewa mahari upande huu. Nitajieni baba mkwe mmoja ambaye angepokea jembe la kukaribia.

Tena msiniambie Tabora haina ufundi. Mwaka 1916, Mjerumani amebanwa na vita na baharini hakupitiki, mafundi wa karakana ya reli hapa Tabora waligonga sarafu. Za shaba za hela 20, na za dhahabu za rupia 15, zenye tembo aliyeinua mkonga. Watoza sarafu duniani wanazililia hadi leo. Septemba mwaka uleule Wabelgiji wakauchukua mji. Yaani watu waliokuwa wakikimbiwa na serikali yao waliweza kumchonga tembo mzima kwenye kitu cha upana wa kifungo cha koti, na sisi wenye amani na umeme tunashindwa kupata spana kumi isiyocheza.

Dhahabu ya sarafu zile ilitoka Sekenke, na Sekenke ndiko ninakowapeleka wale wanaoniambia, "Mzee, Tabora ni tambarare, breki za nini?" Ni kweli, hapa mjini unaweza kusimamisha gari kwa kulikatia tamaa. Lakini siku moja utakwenda msibani Singida, na wakati wa kurudi utakutana na mteremko wa Sekenke kabla ya kushukia bonde la Wembere. Madereva wa malori wakifika pale juu wananyamazisha redio. Breki zinapata moto, na mafuta yake, yale ya DOT 3, yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 205, ila hunyonya unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka mpaka yanaweza kuchemka kwenye 140. Yakichemka yanakuwa mvuke, mvuke unabanika, na mguu wako unazama hadi kwenye zulia. Hapo ndipo utakapotamani mafuta yangekuwa yanabadilishwa. Na hayakubadilishwa kwa sababu fundi aliogopa kugusa nati ya kutolea upepo, kwa sababu ilikwisha kulika kona, kwa sababu mtu fulani dukani alisema inaingia.

Nitasema ninavyochagua mimi, anayecheka na acheke. Kwanza, mfukoni natembea na nati. Mama watoto huikuta akifua, huiweka juu ya redio bila kusema kitu, na ukimya wake nimeuzoea. Ni nati mpya ya paipu, namba 10, kwa kuwa ndiyo ya magari mengi ya Kijapani. Ya Ulaya mengi ni 11, na Land Rover za kale ni 7/16 ya inchi, ambayo ni milimita 11.1. Hiyo moja ya kumi jicho halioni, spana inaiona. Basi naichomeka nati kwenye spana, naitikisa pale pale kaunta. Ikicheza, narudisha. Muuzaji akisema hiyo kucheza ni kidogo, namwambia apunguze bei kidogo tuone kama anakuona ni kidogo.

Kisha naangalia midomo ya pengo. Hapa ndipo spana za ovyo zinapoumbuka. Ukiivuta, midomo inapanuka. Mkono unafurahi ukidhani nati imelegea, kumbe ni spana inayofunguka, na ikifunguka tu imeondoka na kona. Kwa hiyo nataka kichwa kinene, pengo lisilozidi paipu sana, na ndani pande sita. Zile zenye kona kumi na mbili zinaingia upesi kweli, lakini zinaishika nati nchani, na nati hizi ni laini. Kung'aa hakunishawishi, ule ung'avu ukijirundika ndani ya kinywa cha spana unakula kipimo. Maandishi ya Chrome Vanadium nayaheshimu nusu: chuma hicho ni kizuri, ila kuyaandika maneno yenyewe hakuhitaji chuma kizuri, kunahitaji mhuri. Nikiona DIN 3118, kile kipimo cha Kijerumani cha ringi zilizokatwa, navuta kiti nakaa, bei itazungumzwa.

Na hata ukiwa nayo, papara itakuponza. Nati isuguliwe kwa brashi ya waya, ipakwe mafuta ya kupenya, iachwe, ikiwezekana ilale. Kesho yake unaigusa kidogo upande wa kukaza ndipo unalegeza. Kama imeingia kwenye hozi, hozi ishikwe na spana ya pili. Wapo wanaopiga moto. Mafuta ya breki yanawaka, kwa hiyo hao nawatakia afya njema na nasogeza gari langu.

Hatimaye niliipata. Si dukani kwenye kabati la kioo, bali sokoni, kwenye turubai la vifaa vya mtumba kutoka Japani, katikati ya jeki zisizo na mipini na koleo zilizokata tamaa. Kumi kwa kumi na mbili, nzito kwa umbo lake, nyeusi, haing'ai hata kidogo. Nikatoa nati mfukoni. Ikakaa tuli. Muuzaji, mama mmoja mwenye huruma, akanishika mkono.

"Hapana baba, hiyo imekatika. Ngoja nikupe nzima."

Nikasikitika naye, nikalaani Wajapani wanaotuletea vitu vilivyokatika, nikaomba apunguze. Akapunguza.

Siku nilipoitumia, fundi alisimama pembeni na spana yake 11 mkononi kama mtu aliyekuja kutoa pole. Nati ikalia kidogo, ikalegea, ikatoka na kona zake zote sita. "Mzee," akasema, "hii ilikuwa imelegea tangu mwanzo."

Sasa, mwenye kitu kizuri Tabora hakosi shemeji. Wangu, mdogo wake mama watoto, ana pikipiki, trekta la kukodi na bidii isiyo na kiasi. Alikuja jioni akaamkia vizuri, akaikuta spana mezani, akaiazima bila kueleza ni ya kazi gani. Shemeji haulizwi. Akakaa nayo mpaka nikaanza kumsalimu kwa kumtazama mikono. Juzi kanipigia simu, sauti imejaa upendo.

"Shemeji, ile spana yako walikuuzia imekatika, mbona hukusema? Nimeipitisha Isevya kwa kijana wa kuchomelea, kaliziba lile pengo, kalipiga tupa, alama haionekani. Anadai elfu tatu. Nimempa namba yako."