Yah: Ombi la Kupatiwa Mtu wa Kuitikia Hodi Chini ya Ardhi

Kwa Mkurugenzi Mtendaji,
Mamlaka ya Maji ya Mji Wetu.

(Jina la mji silitaji. Kila mji una mamlaka yake moja ya maji, ukitaja mji umeshataja mtu, na mimi kesi ya bomba inanitosha.)

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni opereta wa eskaveta kwa mkandarasi anayechimba mtaro wa nyaya za umeme kandokando ya barabara kuu. Unanifahamu ingawa hatujawahi kupeana mikono. Ni yule wa kwenye taarifa zako kwa umma. Kila upande wa huku unapokosa maji, ofisi yako hutoa karatasi yenye nembo na mhuri ikieleza kwamba bomba limekatwa na opereta wa mkandarasi, mafundi wako kazini, wateja mnaombwa kuwa wavumilivu. Safari hii mmeongeza maneno “asiye makini”. Nashukuru kwa kunipandisha cheo. Mama mkwe wangu ameisoma, na majirani zake wameisoma, maana imezungushwa kwenye kundi la mtaa pamoja na picha yangu nimeshika kofia mkononi.

Naomba basi nikueleze umakini wangu ulivyokuwa siku ile, kwa ajili ya kumbukumbu za ofisi tu.

Mkandarasi aliwaandikia mapema kuomba michoro. Mkamjibu, jambo ambalo si la kawaida na tunalipongeza. Ulikuja mchoro mmoja, nakala ya nakala, bomba limechorwa kwa kalamu likipita upande wa kulia wa barabara. Kulia ukitokea wapi, mchoro haukusema. Alama ya kaskazini hakuna. Barabara ya kwenye mchoro ina njia mbili. Hii tunayoijua sisi ina nne, na kulia ya enzi zile siku hizi ni katikati ya lami. Chini kuna saini na neno “imehakikiwa”.

Nikashusha kijiko polepole, nakwangua tabaka jembamba jembamba, kama mtu anayetoa ukoko bila kutoboa sufuria. Macho yote kwenye udongo. Udongo uliowahi kuchimbwa haujui kuficha: rangi zake zimechanganyika, hauna tabaka, na kwenye leva unausikia mlegevu. Bomba lililolazwa kistaarabu lina dalili zake. Unaanza kukutana na utepe wa tahadhari, kisha mchanga laini uliotandikwa ili mawe yasilitoboe, ndipo unalifikia lenyewe. Nikasubiri utepe. Nikasubiri mchanga. Nilichokuta ni udongo mwekundu mgumu na kandambili moja ya kushoto, kisha bomba jeusi lenye mistari ya bluu, sentimita 40 tu kutoka juu, limelazwa kwenye jiwe.

Yale mabomba ya chuma ya zamani yalikuwa na adabu. Kijiko kikiyagusa yanalia, unapata nafasi ya kurudisha mkono. Hili la plastiki linavutika kwanza kimyakimya. Mashine inajikaza kidogo, ukija kuelewa limeshakwenda. Maji yalipanda mpaka kioo cha kabini. Msaidizi wangu hajamaliza kupiga kelele, akina mama walikuwa wameshapanga ndoo. Gari lenu la dharura lilifika baada ya adhuhuri. Mpiga picha wenu alilitangulia.

Huko Marekani, tangu mwaka 2007, kuna namba moja ya simu nchi nzima, 811. Anayetaka kuchimba, awe mkandarasi wa barabara au mzee anayepanda mwembe uani kwake, anapiga siku chache kabla, bila malipo, na wenye vitu vyao chini wanatuma watu kuja kupaka rangi juu ya ardhi: nyekundu umeme, njano gesi, machungwa simu, bluu maji ya kunywa, kijani majitaka. Siombi makubwa hayo. Najua rangi ni gharama, na mwaka huu imeishia kwenye ukuta wa ofisi yenu, ambao kwa kweli umependeza.

Ombi langu ni la kiungwana zaidi. Mimi nimelelewa, kwa mtu siingii bila hodi. Siku ile kabla ya kuanza nilizima mashine, nikasimama ukingoni, nikabisha. Kimya. Nikabisha tena, na tena. Desturi inasema hodi tatu bila jibu, rudi ulikotoka. Lakini mimi nitarudi wapi, na mkandarasi ana tarehe ya kukabidhi kazi?

Kwa hiyo naomba Mamlaka iajiri wa kuniitikia. Awe Ofisa Mapokezi wa Chini ya Ardhi, akae usawa wa bomba, apewe meza, kiti cha kuzunguka na kile kitabu chenu cha wageni chenye safu za tarehe, jina, anakotoka, shughuli na saini. Nikibisha hodi, aseme karibu. Nitashusha kijiko taratibu, kisaini kwa jino moja, naye ataniambia kwa upole kwamba mhusika hayupo, yuko semina Morogoro, ila nisogee kushoto mita moja na nusu nikasubiri. Hiyo mita moja na nusu, Ndugu Mkurugenzi, ndiyo mchoro ninaoutafuta.

Tangazo la kazi liwe kama mlivyozoea. Mwombaji awe na stashahada ya mapokezi, awe tayari kupangiwa kituo chochote kati ya chemba na chemba, na awe na uzoefu wa miaka mitatu katika nafasi hiyohiyo ambayo haijawahi kuwepo. Najua wanasheria wenu watabishana kuhusu posho ya mazingira magumu, maana kituo kipo mjini, tena barabara kuu. Mpeni. Saa nne aende chai, aache kibao cha “Nimetoka kidogo”, nami nitazima mashine mpaka arudi, hata akirudi saa nane. Akienda likizo, atakayemkaimu aandikiwe barua, isije siku moja bomba likakosa mtu wa kusaini. Barabara ikipanuliwa, ahamishwe pamoja na bomba na alipwe fedha ya kufungasha mizigo. Mwezi Juni, Wiki ya Utumishi wa Umma, apande juu akae chini ya turubai kupokea kero za wananchi. Wiki hiyo sitachimba.

Upweke nao msiusahau. Watu wa umeme wakiajiri wa kwao, na watu wa simu wa kwao, watakuwa majirani kule chini, wametenganishwa na udongo wa koleo chache. Wataazimana kalamu. Siku moja watafanya kikao cha ujirani mwema, waandike muhtasari, wagundue kwamba kila mmoja ana mpango wa kuchimba palepale mwaka ujao baada ya lami mpya kumwagwa. Itakuwa mara ya kwanza kwa taasisi hizo tatu kuambizana jambo kabla halijatokea.

Mengine ni madogo. Mpiga picha aje na pampu. Mhandisi anayekuja kunikaripia asiegemee mashine yangu huku akiongea na simu. Na siku nikimaliza kipande kizima bila kukata kitu, mtoe taarifa kwa umma hata ya mistari miwili, mama mkwe aisome.

Halafu kuna suala la fedha. Mlimtoza mkandarasi bomba, kiungo, mafundi, mafuta ya gari, na maji yaliyomwagika, ambayo mita yake sikuiona. Mkandarasi akalipa, kisha akanikata mimi kwenye mshahara. Mwanasheria wenu alinisomea Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019 kwamba kuharibu miundombinu ya maji ni kosa. Sawa. Sasa na mimi nimsomee kitu. Bomba la plastiki halisikiki kwenye kifaa cha kutafutia vyuma, ndiyo maana kazi ya maana hulaziwa waya mwembamba juu yake ili siku ya siku litafutwe na lionekane. Mtaro nao huwa na kina chake kwenye mkataba, na kina hicho hakiwi sentimita 40. Aliyelaza bomba lile alilipwa kwa mita, na kila mita ilihesabiwa ina kina, ina mchanga, ina utepe. Mtu wenu alisimama pale juu, akatazama jiwe, akasaini. Huo ni wizi, Mkurugenzi. Umefukiwa na kushindiliwa, na mimi niliyeufukua ndiye nimekatwa mshahara. Aliyeufukia amekata utepe wa uzinduzi.

Na hayo ni maji tu. Maji yakinirukia nitakauka. Ila wakati nalitafuta bomba lenu lisilokaa mliposema linakaa, kando yangu kuna nyaya za zamani za kilovolti 11 na 33, nazo ziko kwenye michoro ya mtindo huohuo. Tunachofundishwa ni kwamba ukigusa waya ulio hai usishuke, kaa kabini mpaka umeme ukatwe. Mashine ikiwaka moto na huna budi, ruka mbali miguu imebanwa pamoja, usiwe umeshika chuma huku umekanyaga ardhi, kisha uondoke kwa kuburuza nyayo, zisiachane. Wiki iliyopita, saa ya chakula, nilimfundisha msaidizi wangu kuruka hivyo pale kwenye kifusi. Ana miaka 19. Aliruka akacheka, wenzake wakampigia makofi, nikamwambia arudie, akarudia, nikamwambia arudie tena mpaka akaacha kucheka. Huyo akifa, karatasi yenu itasemaje? Mafundi wako kazini, mnaombwa kuwa wavumilivu?

Samahani, Ndugu Mkurugenzi, nimepandisha sauti mbele ya mkubwa. Ni koo; leo hapa saiti hatuna maji ya kunywa, na sababu nadhani mnayo. Narejea kwenye ombi langu, nikiamini litapita kwenye vikao vyote husika, litajadiliwa kwa kina kirefu kuliko cha bomba, na majibu nitayapata mapema iwezekanavyo.

Uharaka wa jambo hili unatokana na ratiba. Jumatatu saa 1 asubuhi naanza kipande cha kutoka stendi ya mabasi kwenda hospitali. Mchoro wenu unaonyesha kwamba pale chini hakuna kitu.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Opereta, eskaveta namba mbili.

Nakala: Mhasibu wa mkandarasi, kwa kumbukumbu na marejesho.