Gari Lina Mwenyewe

Ukitaka kujua ukoo wako una ukubwa gani, tamka mbele ya watu kwamba una shilingi laki nne taslimu na unatafuta gari. Mimi nililitamka jambo hilo kwenye harusi kule Juja, pilau ikiwa bado mezani, na keki haijakatwa nilikuwa nimeshaahidiwa magari ya kuanzisha kampuni ya teksi. Mjomba wa bibi harusi alijua Premio ya mchungaji. Mpiga picha alijua Demio ya daktari wa kike, na hapo ieleweke kwamba kila gari linalouzwa kati ya Ruiru na Thika lilikuwa la daktari wa kike ambaye hulitoa Jumapili tu kwenda kanisani. Kijana aliyekuwa akipanga magari ya wageni alinivuta kando akaninong'oneza kuwa hata hilo alilokuwa ameshika ufunguo wake, tungeweza kuongea.

Laki nne ni pesa ya ajabu. Ukiwa nayo mfukoni ndani ya matatu ya 145, kila abiria unamwona mwizi. Ukishuka nayo kwenye yadi za magari pale Eastern Bypass, mbele kidogo ya Kamakis, hakuna anayeinuka kitini. Kijana mmoja mwenye tai alinisikiliza kwa adabu, akaniuliza kiasi, akanipa chupa ya maji baridi, kisha akanionyesha lango nililoingilia kana kwamba nimelisahau. Simlaumu. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, kwa hivyo mwaka 2025 mwisho ulikuwa gari la 2018. Gari hilo likitia mguu Mombasa linapokelewa na ushuru wa forodha wa asilimia 35, kisha ushuru wa bidhaa, kisha VAT ya asilimia 16 ambayo haihesabiwi kwa bei ya gari peke yake bali kwa bei pamoja na hizo kodi nyingine. Laki nne yangu ingelipa kipande kizuri cha kodi na kuliacha gari lenyewe Kilindini likipigwa na upepo wa bahari.

Yanayobaki ni magari ya kienyeji, yaani yaliyokwisha kutumika hapa hapa nchini. Kuku wa kienyeji ana bei kuliko wa kisasa kwa sababu ametembea sana na amekula alichokutana nacho. Gari la kienyeji bei yake imeshuka kwa sababu hizo hizo.

Thika kwenyewe, mji unaounganisha magari tangu siku za Leyland katika miaka ya 1970, na ambako mwaka 2016 kiwanda cha KVM kilianza kuunganisha Volkswagen Polo Vivo, wakazi wengi wanaendesha mabaki ya Japani. Ukipita mbele ya kiwanda ndani ya gari lenye kibandiko cha Kijapani cha onyo ambacho hujawahi kukisoma, hujui kama unaonywa au unapongezwa.

Watu wa kwetu hawatazami gari, wanasoma namba. KBA ilianza mwaka 2007, KCA mwaka 2014, KDA mwaka 2020, na mtu akiona KC anatikisa kichwa kwa heshima hata kama bampa limefungwa kwa waya. Dalali mmoja wa Kihunguro alinichorea herufi hizo hewani kwa kidole kama mhubiri. Ila namba hutolewa gari linaposajiliwa Kenya, si linapotoka kiwandani. Gari la 2007 liliweza kabisa kuingia nchini mwaka 2014, limekula miaka saba Yokohama, likapewa namba ya mtoto mchanga. Nilipomwambia hivyo, alinijibu, "Mwalimu, wewe unanunua namba ama unanunua historia?" Swali lilikuwa zuri kuliko alivyodhani.

Gari lake tuliliendea saa moja asubuhi, mwezi wa Julai, ukungu umelala mpaka kwenye mahindi. Nilikwenda na fundi wangu, mtu wa maneno machache mwenye gereji ya mabati Kimbo. Fundi huyu ana msimamo: hakagui gari lililooshwa injini. Anasema ushahidi umefutwa. Hilo lilikuwa limeoshwa likang'aa. Hata hivyo, kwa heshima yangu, aliweka kiganja juu ya boneti, akakiondoa haraka. Lilikuwa la moto. Maana yake ni kwamba mwenye gari aliamka kabla ya majogoo akalipasha moto, ili tusisikie linavyolia likiwa baridi.

"Ni jua," dalali akasema.

Tukatazama juu, sote watatu. Hata mlingoti wa taa hatukuuona vizuri.

Fundi akaingia, akazungusha ufunguo bila kuwasha injini. Hapo taa zote za dashibodi zinatakiwa ziwake kwanza, gari linajitazama, halafu zizime injini ikishawaka. Ya oili ikawaka, ya betri ikawaka, ya injini kimya.

"Hiyo taa haijawahi kuwaka tangu tununue hii gari," dalali alisema kwa fahari.

"Ndiyo shida," fundi akasema, na hayo ndiyo yalikuwa maneno yake marefu kwa asubuhi ile. Kuna mtu alikuwa ameing'oa balbu.

Mita ilisema kilomita 96,000. Raba ya pedeli ya breki ilikuwa imelika mpaka chuma kinaonekana, nikawaza labda mwenye gari alikuwa akifunga breki tu, haendi popote. Kisha ndani ya fremu ya mlango tukakuta kikaratasi kilichosahaulika cha kubadilisha oili: sevisi ijayo, 187,000. Dalali alikisoma kwa makini, akakibandua, akakikunja. "Hii ilitoka kwa gari ingine. Upepo."

Niliona mengi ya namna hiyo, na kila jioni fundi alinipa orodha ya magonjwa ikafika mahali orodha zote zikafanana. Bushi zimekwisha, rejeta inavuja, gia inasita. Kwa bei yangu hakuna gari zima. Kuna wagonjwa waliouguzwa na wagonjwa waliopakwa rangi. Hapo nikaacha kuuliza habari za magari nikaanza kuuliza habari za watu. Nani analiuza, kwa nini, na anaishi nalo vipi? Mama watoto alisema sasa ninazungumza kama mshenga.

Ushenga una kazi yake. Ngoingwa nilimpata kijana mtanashati mwenye gari tamu kweli, viti havijachanika, injini inanong'ona. Mwenye gari, alisema, yuko Amerika. Katika kaunti hii nusu ya vitu vyote vizuri mwenyewe yuko Amerika, kwa hivyo sikushtuka. Nikaingia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, nikalipa shilingi 550 za kutafuta kumbukumbu za gari kwa NTSA, mamlaka inayosajili magari, nikasubiri. Majibu yakaja na majina mawili. La kwanza la mtu. La pili la benki.

Nikamwonyesha kijana simu. Akaitazama kwa muda. "Hiyo benki," akasema, "ni marafiki wa familia."

Makongeni mambo yalikuwa mazito zaidi. Gari lilikuwa chini ya mwembe, safi, la mzee aliyefariki. Mjane alinikaribisha chai, wana watatu wakaketi, na kila mmoja akanitajia bei yake. Yule wa mwisho alikuwa tayari kuniuzia tairi peke yake, kwa kuwa ndiye aliyezinunua. Nikauliza kwa upole kama mahakama imeshatoa barua za usimamizi wa mirathi, kwa sababu mali ya marehemu haiuzwi kienyeji tu. Kaka mkubwa akasema hakuna haja ya kusumbua mahakama, kadi ya gari ipo ndani ya Biblia. Tatizo ni kwamba siku hizi anayeanzisha uhamisho wa gari ni yule ambaye jina lake liko kwenye kumbukumbu, kupitia akaunti yake mwenyewe, na mnunuzi anakubali kupitia yake. Marehemu alikuwa na sifa nyingi, kwa ushahidi wa wote waliokuwepo, lakini akaunti hakuwa nayo. Nikatoa rambirambi zangu, nikamaliza chai, nikaondoka kabla hawajaanza kugawana vioo.

Lililotuaibisha hadharani lilikuwa lile la kijivu. Muuzaji alikuwa mcheshi, bei nzuri, na nilivutiwa na jinsi alivyokuwa dereva mwangalifu: kila tulipokutana, gari lilikuwa limeegeshwa likitazama barabara, tayari kuondoka. Nikamwambia fundi, mtu anayeegesha hivi ana nidhamu. Fundi akaguna. Tukalijaribu barabara ya Garissa, likaenda vizuri kabisa, breki zinashika, usukani hautetemeki. Muuzaji akiwa nyuma ananisifu, nikaamua kukata kona niingie kinjia kimoja cha ndani, nione linavyohimili mashimo. Akanishika bega. "Mwalimu, huko hapana." Nikadhani ana deni na mtu wa huko.

Kinjia kikaishia kwenye lango la boma la mtu. Nikaweka gia ya kurudi nyuma. Injini ikanguruma kwa bidii zote, nasi tukabaki pale pale. Nikaiweka tena. Mwenye boma akatoka na mbwa, akauliza tunamtafuta nani. Hatukuwa tunamtafuta mtu. Tulikuwa tunamtazama tu, kwa sababu gari halikutupa uwezo wa kutazama kwingine.

Muuzaji akasema, kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kulisema mara nyingi, "Hii gari ni ya kwenda mbele."

Tulilisukuma kwa mikono hadi barabarani, mwenye boma akiwa upande mmoja na vijana wa bodaboda upande wa pili. Ni watu wema, vijana wa bodaboda. Hawakutaka malipo. Ila kila mmoja wao, akisukuma, alinieleza juu ya gari analolijua, na mmoja alisema lake ni la daktari wa kike.

Lililonipata mimi, na nasema lililonipata, lilikuwa Section 9. Ni Corolla, ile ya NZE, ya mzee mstaafu aliyefanya kazi ya maabara maisha yake yote. Halikuwa limeoshwa. Fundi aliliona vumbi hilo akavua kofia, jambo ambalo sijamwona akilifanya hata kanisani. Boneti ilikuwa baridi. Taa zote za dashibodi ziliwaka, zikazima. Kabla hatujauliza lolote, mzee akatutajia mwenyewe: shokabzoba ya nyuma kushoto imechoka, hewa ya baridi haifanyi kazi tangu mwaka juzi, na mlango wa nyuma haufunguki kwa ndani kwa sababu ya mjukuu. Kisha akaleta daftari. Kila lita ya petroli iliyowahi kuingia gari hilo ilikuwa imeandikwa, tarehe, kilomita, na stesheni. Risiti za sevisi zilikuwa zimepigwa pini kwa mwaka.

Nikajiandaa kuuliza maswali ya ushenga. Sikupata nafasi.

"Unakaa wapi?"

"Kimbo, mzee."

"Kimbo gani? Lami inafika?"

"Karibu."

"Karibu ni mita ngapi? Matope ya Kimbo nayajua. Unavuta sigara? Una mbwa? Nani atalishika mbali na wewe?" Nikasema mama watoto. Akataka kuzungumza naye kwa simu. Walizungumza muda mrefu, na sijaambiwa mpaka leo walisema nini. Kisha akamgeukia fundi akamuuliza anatumia oili gani na kwa nini. Fundi wangu, ambaye hajibu maswali ya mtu, alijibu.

Bei ilikuwa laki nne na thelathini. Nikamuuliza kama ina maongezi. "Maongezi yote yako kwenye daftari," akasema. Nilikopa hizo thelathini kwa chama. Nikapendekeza M-Pesa, lakini kiwango cha juu kwa muamala mmoja ni 250,000, na mzee hakupenda gari lake lilipwe vipande vipande. Akataka benki, kaunta, na sahihi. Tulikwenda pamoja mjini. Pesa ilipoingia kwenye akaunti yake, alimwomba karani ampe pesa hizo kidogo azihesabu kisha azirudishe. Mjukuu, yule wa mlango, akaingia eCitizen kwa akaunti ya mzee na kuanzisha uhamisho huku mzee akimsimamia. Nami nikakubali kwenye simu yangu, nikalipa ada.

Gari halijanisumbua. Mwenyewe ndiye anayenipigia. Kila inapokaribia tarehe ya oili, simu inalia, na hasemi habari ya asubuhi, anasema kilomita. Ananikadiria kwa hesabu ya Kimbo hadi shuleni na kurudi, na ni nadra kukosea. Nilipoibadilisha ile shokabzoba alitaka kuelezwa ya zamani imekwenda wapi. Daftari alinikabidhi, na aliniambia lina kurasa za kutosha hadi mwaka 2031.

Jumapili iliyopita nilimpeleka mama watoto Blue Post, tukakaa upande wa maporomoko ya Chania. Chai haijamiminwa, simu ikalia.

"Mwalimu, nimepita hapo nje nimeona gari yetu," mzee akasema. "Hilo tairi la nyuma, la kushoto. Nani alikuruhusu?"

Nikamwambia mama watoto aendelee na chai. Akauliza kama ni mzee, na kama ndiye, nimsalimie. Kisha, bila kuinua macho kwenye kikombe, akasema alishamwonya mzee juu ya tairi hilo tangu Alhamisi.