Kupoa London Si Mchezo

Kutembea London ni rahisi. Balaa ni kupoa.

Sisi wa Mombasa, matembezi ya jioni yakiisha, hukaa barazani, kahawa chungu inapita, jasho linakaushwa na upepo wa baharini. Huku kupoa kuna kanuni zake. Jumamosi moja ya jua kali nilipanda Parliament Hill, kilima cha mita 98 hivi kaskazini mwa jiji. Wenzangu wakanionya nisikae ghafla: damu hutuama miguuni, kichwa kikazunguka, ukaanguka mbele za watu. Tembea kwanza polepole, kisha unyooshe misuli. Ni kweli kabisa. Ila kunyoosha vigimbi kunataka kitu cha kusukuma.

Chini barabarani palikuwa na gari kuukuu la mizigo limeegeshwa. Nikaliwekea mikono nyuma, mguu mmoja mbele, mwingine nyuma, kisigino chini, nikasukuma, uso umekunjamana. Mara nikahisi mtu ubavuni. Mzee wa Kiingereza alikuwa ameweka chini mfuko wake wa maziwa na mkate. Akasema samahani (Waingereza huomba radhi kwanza, sababu hutafutwa baadaye), akategesha bega, naye akasukuma. Hakuuliza gari la nani wala linakwenda wapi. Ningemwambiaje mtu mzima aliyejitolea hivyo kwamba nanyoosha vigimbi? Basi tukasukuma wote wawili, gari limefungwa breki, yeye akihesabu "moja, mbili, tatu", mpaka mwenye gari akatoka nyumbani na kikombe cha chai mkononi kutuuliza tunalipeleka wapi.

Mzee akanitazama. "Nilidhani ni lako, bwana." Akamwomba radhi mwenye gari, akaniomba radhi mimi, na nina hakika gari nalo lilipata samahani yake.

Nikakimbilia kituo cha treni cha Tufnell Park. Kilifunguliwa 1907, na enzi hizo njia za chini ya ardhi zilisifiwa kwa ubaridi wake. Lakini udongo wa mfinyanzi uliozizunguka umefyonza joto la treni na breki kwa zaidi ya miaka mia, sasa umeshiba, unacheua. Viyoyozi hamna: mahandaki yale ni membamba, joto halina pa kutupwa. Jasho lililokauka kilimani likarudi, safari hii na jamaa zake wote.

Abiria wa mbele yangu akaniuliza kwa huruma natoka nchi gani. Kenya. "Ahaa, umetoka kukimbia!" Eliud Kipchoge alishinda mbio za London Marathon mara 4, tangu hapo Mkenya mwenye jasho haaminiwi akisema katembea tu. Nikamjibu kwamba leo nilikimbia kidogo.

Msomaji, ukija kupanda kilima hicho, rudi kwa basi namba 214 na ukae penye dirisha linalofunguka. Vigimbi vinyooshee kwenye mti.