Mimi Si Benki

Ukistaafu uhasibu ukabaki Dodoma, ndugu hawakuachi upumzike. Mwenye kiwanja Nala anakuletea hati uisome, mama wa kikoba anakuletea daftari lisilofunga, na ikifika Oktoba shemeji yangu ananiletea simu yake ikiwa na tangazo la nauli za ndege za Desemba. "Shemeji, ona hapa. Dar kwenda Mwanza, nusu bei! Tumlipie mama mapema." Mama anayemsema ni mama mkwe wangu, na "tumlipie" kwa lugha ya ukweni maana yake nilipe.

Nikamuuliza hiyo kampuni ina ndege ngapi. Hajui. Ni zake au za kukodi? Hajui. Anachojua ni kwamba rangi zake nzuri na tangazo linaisha usiku wa manane.

Ngoja niseme jambo ambalo matangazo hayasemi. Ukinunua leo tiketi ya kusafiri tarehe 22 Desemba, hujanunua safari. Umeikopesha kampuni fedha bila riba, bila dhamana, bila hata barua ya mwenyekiti wa mtaa. Kwenye vitabu vyao hela yako inakaa upande wa madeni mpaka siku utakapokaa kwenye kiti. Lakini hela yenyewe haikusubiri. Ilishakwenda kununua mafuta ya ndege ya mtu anayesafiri leo jioni. Ni mambo ya fundi cherehani na nguo za Idi: kitambaa chako amekipokea, hela umempa, naye anaitumia kumalizia gauni la mteja aliyekuja wiki mbili kabla yako. Mradi wateja wapya wanaingia, hakuna anayejua. Siku wasipoingia, mnakutana wote mlangoni kwa fundi, na fundi amesafiri.

Ndiyo maana punguzo kubwa la nauli za miezi ijayo huwa linanipa homa. Linaweza kuwa biashara nzuri ya kujaza viti. Linaweza pia kuwa kampuni inatafuta mshahara wa mwezi huu mfukoni mwangu.

Kampuni ikifa rasmi, huja mfilisi na foleni yake. Mbele wamesimama wenye dhamana, yaani benki. Ndege nyingi kwanza si za kampuni, ni za kukodi, hivyo mwenye nazo hana haja ya foleni. Anakuja na rubani wake anaondoka nazo. Wapo wafanyakazi na mishahara yao, ipo serikali na kodi yake. Huko nyuma kabisa, pamoja na aliyekuwa akiwauzia maji ya chupa, ndipo ulipo wewe na karatasi yako ya Mwanza. Kikikufikia kitu, kitakuwa senti katika shilingi.

Anayedhani natia chumvi awakumbuke wazee wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani. Shirika la ndege la Afrika Mashariki lilianza 1946, makao yake Nairobi, na kabla ya kufa lilikuwa na ndege za kwenda London. Kenya, Uganda na Tanzania zikagombana kuhusu nani amelipa na nani hajalipa, na mwanzoni mwa 1977 likasimama. Sisi tukaanzisha Air Tanzania Machi mwaka huohuo. Makubaliano ya kugawana mali na madeni ya Jumuiya yalisainiwa mwaka 1984, miaka saba baadaye. Na wastaafu wake, watu wenye vitambulisho na barua za ajira, miaka thelathini na ushee tangu kifo hicho walikuwa bado wanaandamana Dar es Salaam kudai mafao. Hao foleni walikuwa mbele yako! Sasa wewe mwenye tiketi ya punguzo unataka kumwambia nini mfilisi?

Wa karibuni zaidi mnawakumbuka: Fastjet, ile yenye kasuku mkiani. Ilianza kuruka hapa nchini Novemba 2012, nauli zikianzia shilingi 32,000 kabla ya kodi na tozo, na mtu aliyezoea kufika Mwanza na vumbi la Singida masikioni akaanza kuzungumzia "boarding" kama mbunge. Sisemi vibaya. Iliwafungulia watu wengi anga, na kampuni nyingine zikalazimika kushusha nauli. Lakini Juni 2018 kampuni mama, yenye hisa zake London, ilitangaza hadharani kwamba isipopata fedha haitaweza kuendelea na biashara. Tangazo hilo lilikuwa wazi kwa dunia nzima. Tatizo, nani hapa Ipagala anaamka na matangazo ya soko la hisa la London? Novemba biashara ya Tanzania ikauzwa kwa wazawa, akiwemo Lawrence Masha aliyewahi kuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Tarehe 17 Desemba Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, ikatoa notisi ya siku 28 ya kusudio la kuifutia leseni. Siku nane kabla ya Krismasi! Hizo siku 28 ni za kampuni kujitetea. Abiria hana hata moja ya kwake. Yeye ana begi, watoto, na kuku aliyemwahidi mama mkwe.

Shemeji akaniuliza, kwa hiyo kila kampuni yenye hasara tuiogope? Hapana, na hapa ndipo watu wanapochanganya. Hasara haiui kampuni ya ndege haraka. Kenya Airways ilikaa miaka ikipata hasara na kuruka, ikaja kutangaza faida ya mwaka 2024, ya kwanza baada ya zaidi ya muongo mmoja. Air Tanzania yetu, kila Aprili ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, CAG, inawekwa mezani bungeni hapahapa Dodoma, na ya mwaka wa fedha 2022/23 ilisema hasara ni zaidi ya shilingi bilioni 56. Kesho yake ndege ziliruka, kwa sababu nyuma yake yuko mlipakodi, mtu mmoja mvumilivu sana. Kinachoua ni kukosa fedha mkononi Jumatatu asubuhi. Jetlink ya Kenya ilisimama Novemba 2012 ikiwa na fedha zake, tena halali, ila zilikuwa zimekwama Sudan Kusini haziwezi kubadilishwa kuwa dola. Muuza mafuta hapokei maelezo kuhusu Juba.

Kwa hiyo mimi siangalii faida. Naangalia mambo madogo. Safari mbili za siku zinaunganishwa kuwa moja, na ya asubuhi inakuwa ya jioni "kwa sababu zisizozuilika". Ndege moja iko kwenye matengenezo tangu masika. Kituo fulani kinaondolewa kimyakimya. Mkurugenzi anaondoka, anakuja mwingine, naye anaondoka kabla sijashika jina lake. Wafanyakazi wa kaunta wanajibu abiria kwa huzuni, na mtu ambaye mshahara wake umechelewa hawezi kumdanganya mhasibu; nilikaa dirisha la malipo miaka mingi, ile sura naijua. Dalili moja peke yake si kitu. Zikifika tatu, mimi napanda basi.

Siku niliyokwama mwenyewe, na kampuni siitaji, niliambiwa nijaze fomu na kusubiri siku thelathini za kazi. Siku za kazi! Fedha waliichukua usiku wa Jumapili, sekunde nne, ujumbe ukaingia kabla sijafunga simu. Kurudisha kunahitaji kamati. Kisha dada mmoja mwenye sauti ya upole akanishauri nichukue vocha ya kusafiri nao baadaye. Nikamwambia mwanangu, baadaye ndiyo hasa ninayoitilia shaka.

Vocha usikubali kama bado kuna uwezekano wa fedha. Vocha ni mkopo uleule, umeurefusha mwenyewe na kutia saini. Na ukisikia minong'ono kwamba kampuni inayumba, usikimbilie kufuta safari yako. Ukifuta wewe, umeingia kwenye yale maandishi madogo kama sisimizi yaliyo chini ya tiketi, ya makato na "hairejeshwi". Wakifuta wao, nauli nzima ni deni lao. Subiri wafute, kisha uombe kwa maandishi. Ujumbe wa malipo usiufute kwenye simu hata kama imejaa matangazo ya bahati nasibu.

Namna ya kulipa nayo ni muhimu kuliko dirisha ulilochagua. Aliyelipa kwa kadi ya benki ya Visa au Mastercard anaweza kwenda benki yake kulalamika kwamba huduma haikutolewa, na benki ikadai fedha irudi. Kuna muda maalumu, asikae. Aliyelipa kwa simu, yaani sisi karibu wote, muamala ukishakamilika umekamilika. Na aliyempa wakala taslimu dukani bila risiti yenye jina la kampuni, huyo namwombea. Bima ya safari pia isikudanganye kwa jina. Tafuta kifungu kinachotaja kufilisika kwa kampuni ya ndege. Mara nyingi utakikuta kwenye orodha ya yasiyolipwa, kati ya vita na mlipuko wa volkano.

Wenye kuunganisha, kwa mfano Dodoma hadi Dar kwa kampuni moja halafu Dar hadi Dubai kwa nyingine, wajue kwamba tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali hazifahamiani. Ya kwanza ikifa, ya pili inaondoka kwa wakati na kukuandika kuwa hukutokea. Mkataba wa Montreal wa 1999 ambao kila mjuaji wa barazani anautaja unahusu mambo kama mizigo iliyopotea na safari zilizochelewa. Hauna mfuko wa kulipia kampuni iliyozikwa. Malalamiko yako peleka TCAA na kwenye baraza lake la watumiaji wa usafiri wa anga. Wanaweza kuibana kampuni iliyo hai. Iliyokufa haibanwi na mtu.

Wenzetu Uingereza walipofikwa na hayo, kampuni ya safari ya Thomas Cook ilipoanguka Septemba 2019, mamlaka yao ya anga ilikodi ndege ikawarudisha nyumbani watu zaidi ya 140,000. Haikuwa huruma tu. Kila mtu anayenunua safari ya kifurushi kule, ndani ya bei mna pauni mbili na nusu za mfuko wa siku hiyo. Mimi nimeipitia tiketi yangu mstari kwa mstari kwa miwani ya kusomea: tozo ya huduma kwa abiria ipo, ya usalama ipo, kodi ya ongezeko la thamani ipo. Ya kunirudisha Dodoma sikuiona.

Na sisi wa nyanda hizi za kati tulipaswa kuwa walimu wa somo hili. Kongwa pale, kilomita themanini na kidogo kutoka mjini, Waingereza walikuja 1947 kulima karanga kwa mashine, wakaleta hadi vifaru vilivyogeuzwa kuwa matrekta, wakamwaga zaidi ya pauni milioni 30, na 1951 mradi ukafungwa. Udongo ulikauka ukawa mgumu, mvua haikusoma mpango kazi. Wagogo walikuwepo wakitazama. Sidhani kama kuna Mgogo aliyelipia karanga zile kabla hazijaota.

Mimi kwenda Dar siku hizi sina presha. Tangu 2024 treni ya SGR inatoka hapa, daraja la kawaida lilianza na nauli ya shilingi 31,000, na mtu ananunua safari ya wiki hii kwa hela ya wiki hii. Taabu ni Mwanza, Bukoba, Kigoma, huko ambako ndege ikifutwa unaanza kuhesabu saa za basi kwa vidole vya miguu. Kwa safari hizo nimeweka utaratibu: nalipa zikibaki siku chache, najua nauli itakuwa juu, na hiyo ziada naihesabu kuwa ada ya kulala usingizi. Mke wangu anaiita ubahili wa gharama kubwa.

Nikamwambia shemeji: mama tutamkatia Desemba yenyewe, tena kampuni ikiyumba kuna basi. Ama asubiri treni ifike Mwanza, ile ni ya serikali, haifilisiki.

Akanywa chai yake, nitakayoilipia mimi.

"Lile shirika la Nairobi ulilonisimulia, shemeji. Lilikuwa la nani?"

"La serikali."

"Ngapi?"

"Tatu," nikasema, nikamwita kijana alete hesabu.