Kitambi Changu, Kamati Yenu

Tegeta mtu hapunguzi kitambi bila mwenyekiti. Mimi niliuliza tu, tena kwa sauti ya chini, pale dukani, kama kuna watu wanaokimbia asubuhi mtaani kwetu. Kabla sijarudishiwa chenji ya sukari nilikuwa nimeshaingizwa kwenye grupu la WhatsApp, nimetajiwa kiingilio, nimetajiwa bei ya tisheti yenye jina mgongoni, na katibu ameniomba namba ya ndugu wa karibu, "endapo lolote litatokea, kaka." Nilitaka kutoka jasho. Nikapewa katiba.

Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na siku mbili au zaidi za kukaza misuli. Limeyaeleza yote hayo bila kumtaja mweka hazina hata mara moja. Desemba 2016 Mama Samia, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alipohimiza mazoezi ili tuyakimbie magonjwa kama kisukari na shinikizo la damu, alitutengea Jumamosi ya pili ya kila mwezi. Dar es Salaam, ambayo tayari ilikuwa na klabu zake za joging, ikaona Jumamosi moja ni dharau. Sasa ni kila wikiendi, alfajiri, watu wamevaa sare, wanaimba chenja kama wako JKT, na anayetaka kulala atafute mkoa mwingine.

Kukimbia kwenyewe ni sehemu ndogo sana ya shughuli. Kuna rambirambi. Kuna mchango wa harusi ya mwanachama ambaye hujawahi kumwona akikimbia. Kuna mialiko: klabu ya Mbagala inawaalika, nanyi mnalazimika kwenda, la sivyo mtaonekana mna dharau. Basi inakodiwa Coaster, watu wazima wanaamka saa tisa usiku, wanavuka jiji zima kutoka Kinondoni hadi Temeke wakiwa wamekaa kwenye viti, ili wakateremke huko na kukimbia. Niliuliza kwenye kikao kama barabara za Tegeta zimeisha. Mwenyekiti akaniambia nijenge umoja.

Halafu inakuja supu. Wataalamu wanakadiria kwamba kukimbia kunachoma takriban kalori moja kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita. Mtu wa kilo 90 akimaliza kilomita 5 amechoma kama 450. Bakuli la supu ya utumbo, lile lenye mafuta yanayoelea juu, pamoja na chapati tatu, linazirudisha zote kabla ya saa tatu asubuhi, na riba juu. Wapo wenzetu, sitawataja, ambao mwaka huu wamenenepa kwa sababu ya joging.

Mwenyekiti akiona tumelegea anatutajia Simbu. Na kweli, Septemba 2025 kule Tokyo, Alphonce Simbu alichukua dhahabu ya marathoni ya dunia kwa saa 2:09:48, akimshinda Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03 tu. Mtanzania yeyote mwenye moyo alinyanyuka kitini siku ile. Lakini mimi nilichukua kalamu. Barabara ya Mwenge hadi Tegeta ina kilomita 12.9. Kwa mwendo ule ule wa Tokyo, Simbu angetoka Mwenge na kufika Tegeta kwa dakika kama 40. Sasa panda daladala Mwenge saa kumi na mbili jioni, na ujenzi huu wa njia ya mwendokasi, halafu uje unihadithie. Simbu angefika, angeoga, angekula, na sisi tungekuwa bado Makongo tumesimama kwa mguu mmoja, kondakta anatuambia nyuma kweupe. Kama kusimama kwa mguu mmoja huku umeshika bomba ni mazoezi, basi wakazi wa Tegeta tuna misuli ya paja isiyo na mpinzani Afrika Mashariki.

Nikasema basi, nitapiga tizi nyumbani. Kuruka kamba ni zoezi zuri kwa moyo na halihitaji katibu. Nyumba yetu ina ua wa pamoja, wapangaji wanne. Nilipoanza kuruka, watoto wakajipanga kuhesabu. Wakihesabu wanaruka namba, nikiwasahihisha pumzi inakata. Bibi wa chumba cha mwisho akatoka na kanga begani, akaniangalia sana, akasema, "Mwanangu, pole." Mke wangu, Mama Salma, naye hakuona haja ya kamba. Alisema kama nguvu zimezidi, maji hayajatoka tangu juzi na ndoo zipo, na kubeba ndoo mbili kutoka kisimani kunakaza misuli hiyo hiyo ya Shirika la Afya Duniani. Kisayansi hakukosea. Ndiyo maana niliudhika.

Jimu ya mtaani ni fremu ya duka iliyowekwa vioo na vijana. Vyuma vyake ni makopo ya rangi yaliyojazwa zege, katikati bomba. Nina fahari kidogo na hilo: kiwanda cha saruji cha Wazo kinazalisha tangu 1966, kwa hiyo huenda sisi ndio watu pekee nchini ambao vyuma vyetu vya mazoezi vinasagwa mlimani kwetu wenyewe. Fahari iliishia hapo. Muziki wao ni singeli. Singeli inapita mapigo 200 kwa dakika bila kutoa jasho. Kanuni ya kukadiria ni kwamba moyo wako, ukiukimbiza mpaka mwisho, unafikia 220 ukitoa umri. Mimi nina miaka 51, fanya hesabu. Kijana wa pale akanipa shikamoo, akanipa bomba tupu lisilo na kopo hata moja, akasema, "Mzee anza na hili." Nililipa mwezi mzima.

Timu ya maveterani sitaizungumzia. Mpira unachezwa robo saa, ofsaidi inajadiliwa mpaka magharibi.

Kilichobaki ni kutembea. Daktari yeyote atakwambia kutembea haraka haraka ni mazoezi halali, bure, na magoti hayalalamiki sana. Mpwa wangu akaniwekea programu kwenye simu na kunitaka nifikishe hatua 10,000 kwa siku. Nikachunguza amri hiyo imetoka kwa nabii gani. Imetoka Japani: mwaka 1965 kampuni moja huko iliuza kipima hatua kilichoitwa manpo-kei, yaani kipimo cha hatua elfu kumi, na namba ikapendwa kwa sababu inauzika. Mwaka 2019 watafiti wa Harvard, waliofuatilia akina mama wazee, waliona faida inaongezeka mpaka kwenye hatua 7,500 hivi, kisha inatulia. Mpwa wangu hakufurahi. Nilifurahi mimi, nimesamehewa hatua 2,500 na chuo kikuu.

Lakini Tegeta huwezi kuzipata hata hizo 7,500 kwa amani. Mtu mzima anayetembea hapa bila mzigo na bila haraka, ujue ana matatizo. Nimepita Kibaoni mara ya kwanza, mama wa vitumbua akauliza gari limeuzwa. Sijawahi kuwa na gari. Fundi viatu akanipa pole ya msiba. Jirani mmoja alimpigia simu Mama Salma kumuuliza kama tumegombana, maana Baba Salma ameonekana Tegeta Nyuki anatembea peke yake, "na uso wake siuelewi." Njia ya waenda kwa miguu ipo, ila juu yake kuna meza ya chipsi, mitumba, na pikipiki mbili zinazopishana nami. Nikishuka pembeni kuna lori la saruji. Nikiendelea mbele kuna mtaro.

Na bodaboda! Mmoja alinifuata taratibu kutoka Nyuki, injini inanguruma sikioni. "Mzee wangu, twende." Nikamwambia nafanya mazoezi. "Sawa mzee, kwa buku tu." Nikamwambia siendi popote. Akanionea huruma, akashusha mpaka mia tano. Nikaongeza mwendo, naye akaongeza. Mpaka leo hiyo ndiyo asubuhi niliyotembea kwa kasi kuliko zote.

Kwa hiyo ndugu zangu bodaboda wa Nyuki na Kibaoni, nawaomba kwa heshima zote. Mkimwona mtu mzima amevaa trekisuti alfajiri, anahema, anapunga mikono, huyo hajafiwa, hajafukuzwa nyumbani, na nauli anayo mfukoni. Mpigieni honi moja ya salamu, mpite.