Kivuli cha Kupigia Picha

Uani kwa tajiri mmoja wa Thongpiny, Juba, mwembe ulikatwa ili magari yapate pa kuegeshwa. Muda si mrefu ukaletwa mche wa mkrismasi, umepita Nimule juu ya lori, mizizi bado imo kwenye kiriba. Ukapandwa hatua mbili tu kutoka ukutani.

"Shikamoo, mzee," mche ulikiamkia kisiki.

"Marahaba. Umeletwa kufanya nini?"

"Kupendeza. Sisi asili yetu Madagaska. Tukichanua maua mekundu, wapita njia husimama."

"Na kivuli?"

"Kipo! Matawi yetu hutanda mbali."

"Januari je? Februari?"

Mche ukanyamaza. Mkrismasi hupukutisha majani kiangazi kikikaza, na kiangazi cha Juba, Desemba hadi Machi, ndicho chenye jua la kuchoma utosi. Mwembe hauvui nguo mwaka mzima.

"Kwa hiyo jua likipanda nyuzi 40 wewe uko uchi," kilisema kisiki, "na bwana mkubwa kajifungia na kiyoyozi."

"Ambacho nakiendesha mimi!" jenereta ilidakia. "Tangu mzee akatwe sijapata usingizi wa mchana."

"Majani yake matamu?" aliuliza mbuzi.

"Subiri, wewe."

"Na maganda? Na gome?"

Kisiki hakikumjibu, kilikuwa kimeshapandwa na hasira. "Machi 2024 shule zilifungwa nchi nzima kwa ajili ya joto, nyuzi 45 zikitarajiwa. Wazazi wakaambiwa watoto wasicheze nje. Nje ipi, nanyi mmeifyeka? Februari 2025 zikafungwa tena wiki mbili, wanafunzi wa Juba wakizirai. Watoto wanaokwa chini ya mabati, na mwenye uwanja, mwenye maji, mwenye mtu wa kumwagilia, anapanda ua la kuringia! Hamna haya?"

"Mimi sikuomba kuja," mche ulisema kwa unyonge.

"Najua, mwanangu. Wewe huna kosa. Mizizi yako hutambaa juujuu, na ukuta huu utaupasua, hilo nalo si kosa lako. Ungepandwa mita kumi kutoka hapa, nami nikaachwa, tungegawana mwaka: wewe maua, mimi kivuli na maembe."

Tajiri akatoka, akashika boneti ya gari lake, akauondoa mkono haraka. Akamwita mlinzi: kesho lipatikane turubai la kufunikia gari.

"Turubai," mbuzi akauliza, "linaliwa?"